Joto la Juba na bisibisi ya betri: jinsi ya kulinda jicho, mkono na nyumba

Mjini Juba, ambako paa la mabati hufunika nyumba nyingi na umeme wa gridi haujafika kila mtaa, kifaa kinachotumia betri kimekuwa msaada mkubwa kwa mafundi wa ujenzi. Bisibisi ya betri yenye mapigo humwezesha fundi kufunga skrubu za mabati juu ya paa bila waya wala jenereta. Hata hivyo, kifaa hicho kina nguvu ya kuvunja skrubu na kujeruhi mkono, na betri yake isipotunzwa huweza kuwaka moto.

Tofauti na drili ya kawaida

Mafundi wengi hukiita kifaa hiki drili, lakini utendaji wake ni tofauti. Drili huzungusha biti kwa mfululizo. Bisibisi yenye mapigo huanza vivyo hivyo, lakini skrubu inapokuwa ngumu, nyundo ndogo iliyo ndani hupiga fuawe kwa upande, mara nyingi zaidi ya mapigo 3,000 kwa dakika. Mapigo hayo ndiyo yanayosukuma skrubu kuzunguka, na kwa hiyo mkono wa fundi haupinduliwi kwa nguvu kama unavyoweza kupinduliwa na drili kubwa inaponasa.

Nguvu hiyo hudai biti iliyotengenezwa kwa ajili ya mapigo. Biti ya kawaida, au soketi inayong'aa ya kufungulia nati kwa mkono, huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Miwani ya kinga basi si pambo: kipande kimoja kidogo chatosha kuharibu jicho.

Kabla ya kubonyeza swichi

Betri iondolewe kila mara biti inapobadilishwa au kifaa kinaposafishwa. Swichi ya mwelekeo igeuzwe kifaa kikiwa kimesimama kabisa. Biti ivutwe kidogo kuhakikisha imeshikwa sawasawa. Glavu zilizolegea, mikono mirefu ya shati na shanga za shingoni visikaribie sehemu inayozunguka. Kipande kidogo cha mbao kibanwe, kisishikwe kwa kiganja.

Kelele nayo ni hatari isiyoonekana. Kinga ya masikio hupendekezwa kwa mtu anayekaa saa nane katika kelele ya desibeli 85, na vifaa vya aina hii huzidi kiwango hicho kwa urahisi, hasa vinapogonga bati. Vizibo vya masikio ni rahisi kupata kuliko kurejesha usikivu uliopotea.

Juu ya paa, swichi ibonyezwe taratibu. Skrubu inatosha pale mpira wake unapogusa bati na kubanwa kidogo. Ukipondwa, maji ya mvua hupenya, na kazi ya siku nzima hurudiwa.

Betri na joto

Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Joto linalomwangusha mtoto haliiachi salama betri ya lithiamu.

Watengenezaji wengi huelekeza kwamba betri isichajiwe panapozidi nyuzi 40, wala isihifadhiwe mahali panapoweza kufikia nyuzi 50. Gari lililofungwa juani, au bati lenyewe saa sita mchana, hupita kiwango hicho. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto ipumzishwe kivulini kabla ya kuwekwa kwenye chaja. Kazi ya kuchaji ifanywe asubuhi au jioni, mahali penye hewa, mbali na godoro, mapazia na mafuta, na mtu akiwa macho.

Jenereta huhitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa volti zake huweza kupanda na kushuka. Baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa chaja zao kutumiwa na jenereta, hivyo mwongozo usomwe kwanza.

Betri za bandia nazo zimo sokoni. Nyingine hazina kinga ya kielektroniki inayozuia kuchaji kupita kiasi. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isichajiwe tena, na kamwe isitupwe kwenye takataka zinazochomwa. Ikianza kutoa moshi, watu watoke nje kwanza, kwani moshi huo una sumu.

Matunzo

Vumbi jekundu la kiangazi huziba matundu ya hewa. Baada ya kazi, kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu na matundu yasafishwe kwa brashi laini. Petroli na maji visitumike. Betri isiwekwe mfukoni au kwenye mkebe pamoja na misumari, kwa kuwa chuma kikiunganisha ncha zake hutoa cheche.

Kwa wanaosafiri na betri

Ndugu wanaoishi ng'ambo na wanaotaka kumpelekea fundi wa nyumbani kifaa hiki wafahamu kanuni za ndege. Betri ya akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu, haiwekwi kwenye begi linalokabidhiwa, na ncha zake hufunikwa. Hesabu ni rahisi: volti huzidishwa kwa saa-ampea. Betri ya volti 18 na saa-ampea 5 ina wati-saa 90, chini ya kikomo cha 100. Ile ya saa-ampea 6 hufikia 108, nayo huhitaji kibali cha shirika la ndege kabla ya safari.

Kwa fundi anayelipwa kwa siku, jicho lililoumia au betri iliyoungua ni riziki iliyokatika. Dakika chache za uangalifu humrudisha kazini kesho yake akiwa mzima.