Punda Milia na Punda wa Kazi: Jamaa Wawili, Utafiti wa Upande Mmoja

Kata ya Bukundi, iliyomo katika Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, iko kwenye ukanda ambamo wanyama wawili wa ukoo wa farasi huishi bila kutenganishwa na masafa marefu: punda milia, ambaye makundi yake huzunguka katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti unaofika hadi Pori la Akiba la Maswa, na punda wa kazi, ambaye kiangazi kikikaza ndiye hubeba madumu ya maji kutoka mitoni hadi majumbani. Wa kwanza amefuatiliwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60, ilhali wa pili, ambaye mgongo wake ndio unaotegemewa na kaya, amechunguzwa kidogo mno nchini, na pengo hilo limekuwa na madhara.

Mtafiti wa Kijerumani Hans Klingel, aliyefanya kazi Serengeti na Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwatambua punda milia mmoja mmoja kwa michirizi yao, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba kundi kubwa linaloonekana mbugani kama umati usio na mpangilio limejengwa na familia ndogo ndogo za dume mmoja, majike wachache na watoto wao, na kwamba majike hao hukaa pamoja kwa miaka mingi, hata dume wao anapokufa na nafasi yake kushikwa na mwingine.

Jambo jingine lililowashughulisha watafiti ni malisho. Ng'ombe na nyumbu hucheua, kwa hiyo majani magumu hukaa tumboni mwao muda mrefu kabla ya kuendelea mbele; punda milia hacheui, bali chakula chake huchachushwa na bakteria katika kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana, na kwa kuwa hupita haraka, mnyama huyu anaweza kuishi kwa nyasi ndefu na duni mradi azipate kwa wingi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba punda milia hutangulia katika uhamaji na kuwafungulia nyumbu njia kwa kuondoa mabua, lakini utafiti wa Michael Anderson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2024 baada ya kukusanya picha za kamera zilizotegwa Serengeti kwa miaka kadhaa, ulionyesha kwamba punda milia husukumwa mbele na ushindani wa nyumbu wanaomaliza majani.

Swali la michirizi nalo lilijibiwa kwa namna inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Tim Caro, mwanabiolojia aliyefanya utafiti Serengeti na Katavi, alikwenda na wenzake kwenye shamba la farasi katika eneo la Somerset, Uingereza, wakawapiga picha za video pange, yaani nzi wakubwa wanaofyonza damu, walipokuwa wakiwakaribia farasi na punda milia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba pange huwakaribia wanyama wote kwa kiwango kilekile, lakini wakifika karibu na michirizi hushindwa kupunguza mwendo, wakapita au kujigonga mwilini, hata idadi ya waliotua kwa punda milia ikawa karibu robo tu ya waliotua kwa farasi. Farasi walipovishwa kitambaa chenye michirizi, nzi wachache walitua juu ya kitambaa, ila kichwani, palipoachwa wazi, walitua kama kawaida. Katika nchi ya mbung'o, wanaoeneza nagana, ugonjwa unaowamaliza farasi upesi, kinga ya namna hiyo si jambo dogo.

Punda wa kazi hana kinga hiyo, lakini ana historia inayoihusu Afrika moja kwa moja. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi akiwamo Ludovic Orlando wa Ufaransa lilichunguza vinasaba vya punda 207 wa sasa na 31 wa kale, likahitimisha kwamba mnyama huyu alifugwa mara moja tu, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, takribani miaka 7,000 iliyopita, kabla ya kuenea duniani. Mwili wake bado una alama za asili hiyo ya nchi kame: Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, alionyesha mwaka 1970 kwamba punda wa Kisomali huweza kupoteza maji hadi uzito wake upungue kwa asilimia 30, kisha akanywa na kuufidia upungufu huo kwa dakika chache.

Uwezo huo wa kuvumilia ndio unaomponza. Punda huficha maumivu, hula na kutembea akiwa na kidonda cha matandiko au kwato zilizooza, na anaposhtuka husimama kwanza apime hatari badala ya kutimua mbio kama farasi. Kusimama huko huitwa ukaidi, naye huchapwa kwa sababu hiyo. Methali isemayo shukrani ya punda ni mateke haimtendei haki, kwa sababu mara nyingi teke ni dalili ya woga au maumivu.

Hasara ya kutomjua ilidhihirika biashara ya ngozi ilipoingia nchini, ngozi zikitafutwa kwa ajili ya ejiao, dawa ya asili ya Kichina, na machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga. Jike hubeba mimba kwa takribani miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, hivyo hakuna ufugaji unaoweza kufidia uchinjaji wa kasi ya machinjio hayo. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kuuzuia barani kote.

Marufuku hulinda uhai wa punda, haitibu vidonda vyake. Maofisa mifugo wa Meatu na Bariadi wanapopanga kampeni za chanjo na dawa za minyoo kwa ng'ombe na mbuzi, wawaandikishe na punda. Na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachowafunda madaktari wa mifugo nchini, kiwatume wanafunzi wake Bukundi wakamchunguze mnyama huyu kwa bidii ileile ambayo punda milia amechunguzwa nayo.