Kalamu Isiyongoja Malipo

Wanasaikolojia hutofautisha motisha ya nje, yaani msukumo unaotokana na malipo au sifa, na motisha ya ndani, ambayo humfanya mtu atende jambo kwa kuwa kulitenda kwenyewe kunamridhisha. Mwaka 1971 mtafiti Mmarekani, Edward Deci, alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kwa kutatua chemshabongo walipungukiwa na hamu ya kuendelea nayo malipo yaliposimama, na huenda ndivyo anavyochoka mwandishi anayemtazamia mchapishaji tu.

Tofauti na mwandishi huyo, mshairi wa Kiswahili Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, hakuwa na soko la vitabu mbele yake. Alikuwa na binti wa kumwusia, na haja hiyo ilimtosha kukamilisha beti zipatazo mia moja, zenye vina na mizani, ambazo zingali zikisomwa hadi leo. Hakika, hakuna malipo yanayoweza kununua uvumilivu wa namna hiyo.

Basi anayetaka kuandika kwa ajili ya nafsi yake na achukue daftari, atenge saa tulivu, hata ikiwa ni alfajiri, aanze na jambo linalomkera au kumfurahisha, wala asiulize kwanza nani atalisoma.