Mashine ya Kukanda Mwili: Raha Yake na Madai Yake

Kukanda na kuchua ni katika tiba kongwe za wanadamu, na kwa karne nyingi hakikutakiwa chombo kingine ila mkono wa mjuzi na mafuta kidogo. Lakini mkono huchoka, na mwenye maumivu ya kudumu aghalabu huhitaji kukandwa kwa muda mrefu kuliko awezavyo mkandaji kustahimili. Ndipo matabibu wa karne ya 19 walipotafuta chombo kisichojua uchovu. Huko Marekani, mwaka 1869, tabibu George Taylor aliunda mashine ya kukanda iliyoendeshwa kwa mvuke, zana kubwa ambayo mgonjwa hakuwa na budi kuiendea ilipo.

Umeme ndio uliokifanya chombo hicho kienee mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 tabibu Mwingereza, Joseph Mortimer Granville, alibuni kinyundo kidogo kilichopata nguvu zake katika betri, kikagonga mwilini kwa mapigo mepesi ya haraka. Naye katika kitabu alichokichapisha mwaka 1883 alieleza itikadi yake kwamba maumivu ni mtetemo ulioharibika katika mishipa ya fahamu, uwezao kutulizwa kwa mtetemo mwingine.

Katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, aliambiwa jambo la ajabu na wagonjwa wake wa Parkinson, maradhi yamfanyayo mtu atetemeke mikono na kukakamaa viungo: ya kwamba waliposafiri kwa gari la moshi au la farasi, ile mitikisiko ya njia imchoshayo mwenye siha iliwapa wao nafuu. Charcot hakulipuuza neno hilo. Alitengenezesha kiti kitikiswacho kwa umeme, na mwaka 1892 akawaeleza wanafunzi wake kwamba wagonjwa waliokikalia walipata faraja na kulala vyema zaidi. Mwaka uliofuata alifariki, na uchunguzi wake haukutimia.

Wafanyabiashara hawakungoja uchunguzi. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, viwanda vya Marekani, kama vile Hamilton Beach, viliuza mashine za kukanda kwa matumizi ya nyumbani, na matangazo ya zama hizo yakazisifu kuwa ni dawa ya karibu kila ugonjwa, madai ambayo hayakuwa na ushahidi.

Ama kiti cha Charcot, kilipata hukumu yake baada ya miaka 120. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliketi katika kiti chenye mtikisiko na sauti za kuliwaza, ilhali wenzao walipewa sauti hizo pasi na mtikisiko. Makundi yote mawili yakapata nafuu, wala la kwanza halikulishinda la pili.

Basi mwenye misuli iliyokaza na aitumie mashine hii kwa raha, kwani raha nayo ni neema. Lakini akiambiwa kwamba inaponya maradhi, na aulize kwanza ni nani aliyeipima, na kwa kuilinganisha na nini. Na ikiwa anaumwa, aende kwa tabibu kabla ya kwenda dukani.