Simu inapomwelekeza mwendesha baiskeli barabara ya malori Singida

MTU anayetoka mjini Singida kwenda Ikungi kwa baiskeli hana njia moja. Ipo barabara kuu ya lami iendayo Manyoni hadi Dodoma, na zipo njia za vumbi zinazokatiza vijijini, kati ya mashamba ya alizeti na mawe makubwa, ambazo wenyeji wamezitumia kwa miaka mingi. Akiiuliza simu yake, hata hivyo, anaweza kuonyeshwa ile ya lami peke yake.

Kwa mwenye gari hilo si tatizo. Kwa aliyefunga gunia nyuma ya baiskeli ni suala la uhai, kwani barabara hiyo hupitisha mabasi pamoja na malori ya mizigo yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo.

Sababu ni kwamba programu ya ramani haiijui ardhi, bali inajua mchoro. Ndani ya simu, barabara ni vipande vilivyounganishwa kwenye makutano, na kila kipande kimepewa gharama yake. Kanuni iliyobuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra, na kuchapishwa mwaka 1959, ndiyo msingi wa kutafuta mfululizo wa vipande wenye jumla ndogo kuliko mingine yote. Kwa gari, gharama hiyo hasa ni muda. Kwa baiskeli huongezwa mwinuko, hali ya njia na wingi wa magari. Kipande ambacho hakikuchorwa hakihesabiwi kabisa, hata kama watoto wa shule hukipita kila asubuhi.

Kampuni ya Google ilipoanza kutoa maelekezo ya baiskeli, Machi 2010 nchini Marekani, ilitegemea kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa za njia maalumu za waendesha baiskeli. Vijijini Singida njia ya baiskeli haina kibao wala jina. Imetengenezwa na miguu na magurudumu.

Mwinuko nao una mambo yake. Chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na vipimo hivyo hutumiwa na programu nyingi hadi leo. Faida yake huonekana katika mlima Sekenke, wilayani Iramba. Anayetoka Shelui kwenda Kiomboi hupanda, na anayerudi huteremka. Programu isiyohesabu mwinuko itawapa wote wawili muda uleule, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuisukuma baiskeli Sekenke atalicheka.

Lakini hata programu yenye vipimo hivyo haioni mchanga. Haioni pia miba, ambayo kwa mwendesha baiskeli wa nyanda hizo kavu ni adui kuliko mlima. Tena Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuisha karibu na Aprili. Njia inayopita kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Wembere ni ngumu kama sakafu mwezi Agosti; mwezi Februari udongo huohuo huganda kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka. Kwenye mchoro ni mstari mmoja, mwaka mzima.

Njia ambayo haimo kwenye ramani inaweza kuongezwa. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, humruhusu mtu yeyote kuchora, na ndiyo inayotumiwa na programu kama OsmAnd na Organic Maps, zenye maelekezo ya baiskeli. Nchini, mradi wa Ramani Huria ulianza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 2015, na mwaka huohuo Crowd2Map Tanzania ikaelekea vijijini, kwa msaada wa watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali.

Wengi wa wachoraji hao hutumia picha za setilaiti. Kwa jicho la angani, njia ya ng'ombe iendayo lamboni na njia ya baiskeli iendayo sokoni zinafanana, na katika vichaka vizito vya Itigi njia nyembamba huenda isionekane kabisa. Anayejua tofauti ni mpitaji mwenyewe.

Mpitaji huyo hahitaji kifurushi cha intaneti awapo njiani. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS bila mtandao, na ramani ya Tanzania inaweza kupakuliwa kabla ya safari. Akiwasha kinasa njia anapotoka na kukizima anapofika, anapata mstari wa kuweka kwenye ramani. Kisha huongeza yale ambayo setilaiti haiyajui: kwamba ni mchanga, kwamba ni nyembamba, kwamba haipitiki wakati wa mvua.

Mabadiliko hayo huonekana kwenye ramani ya mtandaoni baada ya muda mfupi. Kwenye simu husubiri toleo jipya, na mwenye simu hulazimika kuipakua ramani upya.