Mungu Alituumba kwa Sababu Gani?

Kila katekista wa Bunia anajua ulizo hili la katekismu. Watoto wanalijibu mbiombio. Lakini jibu la kweli linaonekana siku ya kupimwa.

Tumtazame Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma. Alisoma sheria, akawapenda watoto wa barabarani. Kazi yake mpakani ilikuwa kukagua vyakula vinavyoingia nchini. Watu walimpa feza apitishe mchele ulioharibika. Akakataa, kwani wenye kuula wangeugua. Katika mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ikamtangaza Mwenye Heri.

Tuelewe vizuri: ushujaa ule haukuzaliwa siku ile moja. Sala, na urafiki na maskini, vilikuwa vimekwisha kupanga moyo wake: Mungu kwanza, kisha watu, na feza nyuma kabisa. Aliyekwisha kupanga hivyo hasumbuki kutafuta jibu.

Nasi tunapimwa, ndugu, hata kwa mambo madogo. Mtu analeta kuku, anaomba kadi ya ubatizo bila mafundisho. Mseminari anajiuliza kama anatafuta upadri juu ya roho za watu ao juu ya pikipiki. Hapo tunajibu ulizo lile la utoto mara ya pili, na sasa kwa matendo. Basi jioni, tunapochungua dhamiri, tuulizane mioyoni mwetu: leo tumemtumikia nani?