Neno Hukaa kwa Kuulizwa

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu za msingi angefaidika nalo. Watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwamo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Ni lugha zetu hizi hizi mbili, upande tu ndio umegeuzwa.

Wanafunzi wote walifikia hatua ya kulipata kila neno walau mara moja. Kuanzia hapo njia zikaachana. Kuna waliozidi kuulizwa hata maneno waliyokwisha kuyapata. Kuna wengine ambao neno wakishalipata hawakuulizwa tena, walilirudia kwa kulisoma tu. Baada ya wiki moja, walioulizwa walikumbuka asilimia 80 hivi. Waliosoma bila kuulizwa walibaki na theluthi moja na kidogo. Tena walipotakiwa kukisia watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Aliyekuwa amefaulu na aliyekuwa amepotea, hakuna aliyejijua.

Sasa tuingie darasa la tatu. Mwalimu anaandika maneno kumi ubaoni, darasa linayaimba kwa pamoja, kisha amri inatoka: andikeni kila neno mara kumi. Simlaumu, maana mwenye wanafunzi 80 na vitabu vya kugombania lazima atafute kazi ya kuwatuliza. Lakini kufikia mstari wa tatu, mkono ndio unaoandika; kichwa kimeshatoka nje kucheza. Na kwenye kuimba, asiyejua hujificha nyuma ya sauti ya jirani yake. Katika kazi zote mbili neno liko mbele ya macho au masikioni, kwa hiyo mtoto halazimiki kulitafuta kichwani. Kule kulitafuta ndiko kunakolikaza.

Dawa yake haina gharama. Mwalimu afute ubao, kisha aulize. Aonyeshe kitu, anyamaze kidogo ili kila mmoja apate muda wa kufikiri, ndipo ataje jina la wa kujibu. (Akitaja jina kwanza, wengine 79 wamepumzika.) Aulize tena kesho yake kabla ya somo jipya, halafu wiki inayofuata. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kusahau na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza kasi. Ndiyo maana neno la Jumatatu likingoja mtihani wa mwisho wa muhula, huwa limeshaondoka zamani.

Jambo jingine ni mpangilio wa maneno yenyewe. Vitabu hupenda kuyaleta kwa makundi: rangi zote siku moja, matunda yote siku nyingine. Yanapendeza kwenye ukurasa. Ila Thomas Tinkham, aliyelichunguza jambo hili mwaka 1993, aliona kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana huchelewa kushikika kuliko yasiyohusiana, kwa sababu yanaingiliana. Mtoto aliyefundishwa kushoto na kulia kwa pamoja atabaki na maneno mawili, asijue lipi ni lipi. Ni heri “left” likae kwanza, “right” lifuate baada ya siku kadhaa.

Pia neno lisikike kabla ya kuonekana. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili hutamka kila herufi anayoiona, na kwa lugha yake yuko sahihi kabisa. Ukimwandikia “knife” kabla hajalisikia, atalisoma “ka-ni-fe”, na matamshi hayo yatamganda.

Kujua maana moja ni mwanzo tu, bila shaka. Sisi tunafua nguo, tunaosha vyombo na tunanawa mikono, ilhali kwa Kiingereza kazi zote tatu zinatosheka na “wash”. Hilo mtoto atalijua akikutana na neno ndani ya sentensi nyingi, si kwenye orodha.

Na mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Mtoto akunje karatasi katikati, aandike Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mzazi asome Kiswahili, mtoto ataje Kiingereza bila kuchungulia na aandike alichotaja, kisha wafunue walinganishe herufi. Kosa likionekana, mtoto asome jibu, wakunje tena, aulizwe upya. Ila maneno aliyoyapata yasikatwe, kwa sababu wale Wamarekani walioacha kuulizwa walipoteza mengi ya yale yale waliyokwisha kuyapata. Yarudi kwenye maswali ya wiki ijayo pamoja na mapya.