Gari la haibridi kwenye foleni ya Likoni: mbona latambaa lenyewe?

Ni jioni, foleni ya feri Likoni imefika mbali. Gari lako la haibridi limenyamaza kabisa, kiyoyozi kinapuliza, nawe umesahau kuwa liko kwenye D. Unalegeza mguu wa breki kidogo uinamie simu iliyoanguka. Gari linaanza kusogea, polepole na bila sauti, na mbele yake kuna watu wanaoteremka kwa miguu kuwahi feri.

Wengi hudhani ni hitilafu. Sio hitilafu, limeundwa hivyo. Kwa kuwa magari haya, kama Toyota Aqua, Honda Fit na Nissan Note, yamejaa mjini siku hizi, ni vyema tuelewe linalotendeka.

Katika gari la kawaida la otomatiki, injini huzunguka hata ukisimama. Kati ya injini na gia kuna kifaa chenye mafuta ndani. Injini huyazungusha mafuta hayo, nayo husukuma gia. Ndiyo maana ukiachia breki gari hujivuta.

Aqua na Prius hazina kifaa hicho. Ukisimama, injini huzima na magurudumu hungoja mota ya umeme. Mota hiyo ingeweza kutulia tu hadi ukanyage mafuta. Lakini madereva walikwisha zoea gari la kujivuta, kwa hiyo kompyuta huiga: ukiachia breki, inapeleka umeme kidogo kutoka betri kubwa hadi kwenye mota. Ukikanyaga breki sawasawa, umeme huo hukatwa.

Hapa ndipo penye makosa mawili tunayoyafanya kila siku.

La kwanza ni kutia N kwenye foleni "ili gari lipumzike". Katika haibridi za Toyota, gari likiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi, hata kama injini inanguruma. Na kiyoyozi chake hula umeme wa betri hiyo hiyo. Ukikaa nusu saa kwenye joto letu namna hiyo, betri inazidi kushuka. Kaa kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au tia P.

La pili ni kulizuia gari kwenye mlima kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Nguvu ya kutambaa ni ndogo, haitoshi mlimani, na gari laweza kurudi nyuma. Ukilishikilia kwa mafuta, mota inasukuma bila kuzunguka, umeme mwingi unapita sehemu moja, na joto linapanda. Tumia breki, na handibreki ikibidi.

Si haibridi zote zilizo sawa. Honda Fit na Vezel za haibridi za Japani, za kizazi kilichoanza 2013, zina gia saba na klachi mbili. Betri ikishuka, injini ndiyo husukuma, na katika mwendo wa kutambaa klachi husuguana nusu nusu. Ukisogea hatua moja kila baada ya sekunde chache, klachi hupata moto, gari huanza kutetemeka, na onyo la joto la gia laweza kuwaka. Dawa yake ni subira: acha nafasi mbele ifunguke, kisha sogea mara moja. Tuktuk ikichomeka, iache.

Nissan Note e-Power nayo magurudumu yake husukumwa na mota pekee, injini kazi yake ni kuzalisha umeme. Zile za kwanza, za 2016, ukiwa kwenye Eco au S hazitambai. Ukiachia mafuta husimama zenyewe. Anayeazima gari la mwenzake na aulize kwanza.

Tena kuna mchanga. Katika Aqua betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na kando ya kiti kuna tundu la kuvutia hewa ya kuipoza. Likizibwa na mchanga, vumbi au mizigo, betri hupata joto, na foleni ndiyo huzidisha. Mwambie fundi alisafishe.

La muhimu kuliko yote: kimya si kuzima. Maadamu neno READY linawaka kwenye dashibodi, gari liko tayari kwenda. Kabla ya kushuka, iwe kwenye feri, Kongowea au mlangoni kwako wanakocheza watoto, tia P, vuta handibreki, bonyeza swichi, na uone READY imezimika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huu twaweza kuuepuka kwa mguu mmoja kwenye breki.